Kimya cha Nyangi

"Fumbua," Waitara alisema.

Nyangi akafumbua mdomo. Alikuwa ameketi juu ya gogo la kufundishia maksai, pembeni ya zizi la kijiji, mikono juu ya magoti kama alivyoagizwa. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba hadi jicho la upande huo limekuwa dogo. Waitara, baba yake, akageuza kijiko alichokishika, akagonga jino la mbele kwa mpini wake, kisha la pili, kisha akasogea nyuma taratibu kuelekea kwenye uvimbe. Binti akapepesa macho.

"Umepepesa."

"Sikupepesa, tata."

"Nimeona. Tunaanza upya."

Wakaanza upya. Safari hii Nyangi alikaza macho kwenye mabati ya ghala la kijiji, akapumua kwa pua, na kijiko kilipofika nyuma hakutikisika hata kidogo. Waitara akatabasamu. Alikuwa hajatabasamu mbele ya mtoto wake yeyote kwa muda mrefu, na Nyangi aliliona lile tabasamu akalitaka tena.

"Ndiyo hivyo," baba alisema. "Bwana meno akikugusa, unakaa hivyo hivyo. Hakuna kulia, hakuna kusema, hakuna kumshika mkono. Umesikia?"

"Nimesikia. Na akishika jino ambalo si lenyewe?"

"Yeye ndiye amesomea meno. Wewe umesomea nini?"

Nyangi akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule usiouma, na mazungumzo yakaishia hapo.

Waitara alikuwa mfundisha maksai wa kijiji. Tangu watu wahamishwe kutoka kwenye maboma yao ya milimani na kupangwa kwa mistari kando ya barabara ya kwenda Mugumu, shamba la ujamaa lilikuwa halina trekta ila ahadi ya trekta, na aliyesimama badala ya ahadi hiyo ni yeye na wanyama wake. Maksai wa kijiji walikuwa wamepewa majina ya heshima kwenye mkutano. Mkubwa aliitwa Azimio, na aliyekuwa akifundishwa msimu ule aliitwa Mwongozo. Katibu wa chama alikuwa amemwonya Waitara mara kadhaa asipaze sauti shambani kwamba Azimio ni mvivu, maana wapita njia wangeweza kuelewa vibaya.

Hakuwa mtu wa kiboko. Mnyama mgeni alimgusa tu siku za mwanzo: masikio, pua, mdomo, chini ya shingo pale nira itakapokaa, asubuhi na jioni, mpaka mnyama aache kushtuka. Ndipo alipomfunga pamoja na Azimio. Watu walipomsifu alikataa. "Mimi simfundishi," alisema. "Azimio ndiye anamfundisha. Kazi yangu ni kuwafunga pamoja, basi."

Jino la Nyangi lilianza kuuma wakati wa palizi ya pamba. Bibi yake, Waisiko, mama mzazi wa Waitara, alilitibu kadiri alivyojua. Alichoma mbegu za ndulele kwenye kigae, akamfunika mtoto kwa blanketi avute ule moshi kwa mdomo. Aliweka tumbaku, akaweka chumvi. Maumivu yalipoa, yakarudi, yakapoa, kisha shavu likavimba. Esta, mama wa mtoto, akambeba hadi zahanati, na nesi aliyekuwapo, Honoratha, binti wa watu kutoka Ruvuma ambaye hakuzoea kuzungusha maneno, alibonyeza chini ya taya akakunja uso.

"Mama, uvimbe huu ukishuka shingoni utamziba pumzi," alisema. "Bwana meno anapita hapa siku ya mnada. Msikose. Nimeshazika mtoto kwa sababu ya jino mimi, sitaki mwingine."

Esta alirudi na maneno hayo nyumbani akilia. Waisiko, aliyekuwa akipepeta ulezi, hakulia. Alimwangalia mjukuu wake, kisha akamwangalia mwanawe.

"Mura," alimwambia, akimwita kama kijana wa jana, "huyu naye akapige kelele mbele za watu?"

Kutoka jikoni ikasikika sauti ya jiwe la kusagia. Aliyekuwa akisaga ni Robi, dada mkubwa wa Nyangi. Robi alilia msimu wa tohara uliopita. Hakukimbia wala hakupigana na mtu, alilia tu, kwa sauti, mama yake mdogo akiwa amemshika mabega na umati wa watu ukitazama. Tangu siku hiyo wimbo ulitungwa, na watoto waliokwenda kisimani waliuimba walipopita nyumba ile. Mchumba aliyekuwa ameanza kuulizia hakuonekana tena. Waitara hakumpiga binti yake wala hakumtukana. Aliacha tu kusema naye. Akitaka maji aliyaomba hewani, na Robi aliyaleta akayaweka chini. Naye akajifunza kusaga kila watu walipoketi kuzungumza, ili pasiwe na haja ya mtu kumwita.

Kwa hiyo jino likawa si jino tu. Uvimbe ulimtia Waitara hofu, na asikatae mtu, alimpenda Nyangi kuliko alivyojua kusema. Lakini hofu ya wimbo wa pili ilikuwa karibu zaidi. Msimu mwingine wa tohara haukuwa mbali, na Nyangi angefika zamu yake. Alifikiri: akiweza jino, ataweza na lile. Akachukua kijiko, akaanza kumfundisha kwa njia pekee aliyoijua.

Siku ya mnada walitoka mapema, yeye na mtoto tu. Esta alitaka kwenda, Waisiko akamzuia kwa kusema kwamba machozi ya mama yanaambukiza. Nyangi alitembea nyuma ya baba yake kati ya mashamba ya mtama, kitambaa kimefungwa kutoka kidevuni hadi utosini. Usiku uliotangulia alikuwa amepata homa na midomo ilimkauka. Hakusema. Baba alipogeuka kumtazama, alikaza macho akapumua kwa pua, naye baba akatikisa kichwa kwa kuridhika wakaendelea.

Zahanatini foleni ilikuwa imezunguka nyumba. Kila baada ya muda sauti ya mtoto ilipasuka kutoka ndani, na watu wa nje walicheka au waliguna kutegemea na zamu zao zilivyokuwa karibu. Karibu nao alikuwa Nyamhanga, jirani yao wa zamani kule milimani, mtu mwenye utani usiopimwa. Alikuwa ameng'olewa jino tayari, lakini hakuondoka. Alikaa chini ya dirisha akitema damu kwenye kopo na kuhesabu nani analia na nani halii.

"Ee, Waitara! Huyu ni mdogo wake yule mwimbaji wa siku ya tohara?"

Watu wawili watatu walicheka. Waitara akaweka mkono juu ya kichwa cha Nyangi.

"Kaa hapo usikilize," alimjibu. "Leo utakosa cha kusimulia."

Bwana meno aliitwa Kassian. Alikuwa kijana wa Bukoba, mpole, mikono ya shati imekunjwa, macho mekundu kwa vumbi la safari. Kiti chake kilikuwa kiti cha kawaida cha mbao kilichoegemezwa ukutani, na vyombo vyake vilichemshwa juu ya jiko la mafuta ya taa pembeni.

"Shikamoo," Nyangi alisema, na hilo likawa neno lake la mwisho kwa muda mrefu.

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa. Usiogope. Nitagusa meno yako moja moja, na nikigusa linalouma uniambie, au uinue mkono. Sawa?"

Nyangi alimtazama baba yake. Kisha akaweka mikono juu ya magoti, akatafuta mahali pa kukazia macho, akapata msumari ukutani.

Kassian akafungua kitambaa, akaangalia ndani. Magego mawili yaliyofuatana yalikuwa na weusi. La nyuma, kubwa, lilikuwa na tundu lililoonekana wazi. La mbele yake, dogo, lilikuwa na doa ambalo lingeweza kuwa lolote. Ufizi wote wa upande ule ulikuwa umevimba kwa pamoja. Akagonga la mbele.

"Hapa?"

Kimya.

"Hapa je?"

Kimya. Nyangi hakupepesa. Dirishani vichwa vilikuwa vimeongezeka, na cha Nyamhanga kilikuwa kimojawapo. Waitara alisimama karibu na mlango, kofia mkononi, na kifua kikamjaa. Hakuna mnyama aliyefundishwa naye aliyewahi kuelewa vizuri hivi.

"Mzee," Kassian alisema bila kugeuka, "nyumbani alikuwa analalamikia lipi?"

Waitara akafungua mdomo kujibu, akagundua hajui. Jioni zote zile na kijiko mkononi alikuwa akitazama macho ya mtoto kama yatapepesa. Jino hakuwahi kulitazama.

"La nyuma huko," alisema. "Huko kwenye uvimbe."

Kassian akachoma sindano ya ganzi, akasubiri, akachukua koleo. Alishika lile kubwa. Lilikuwa gumu kutoka kuliko alivyotarajia. Alilitikisa kushoto na kulia, jasho likimtoka puani, na katika muda wote huo mtoto alitazama msumari wake. Jino lilipotoka kwa mlio wa kupasuka, nje watu walishangilia.

"Huyo! Huyo ni binti wa kweli!" Nyamhanga alipiga kelele. "Waitara, nimenyamaza!"

Waitara alitabasamu. Mtoto aliliona tabasamu, na damu ikiwa inamchuruzika kidevuni, akajaribu kulirudisha.

Kassian peke yake hakufurahi. Alikuwa amelisogeza jino kwenye mwanga wa dirisha na kuligeuza mara mbili. Mizizi ilikuwa mirefu, myeupe, safi. Akalirudisha bakulini, akarudi mdomoni, akabonyeza ufizi wa lile dogo la mbele yake kwa kidole, na usaha ukachuruzika juu ya pamba. Akaketi kwenye kiti chake kidogo.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini, "nimeng'oa jino zima."

"Zima vipi?"

"Hili lilikuwa na tundu la juu juu. Ningeliziba. Na ni jino la ukubwani, haliwezi kuota lingine. Linalomuumiza ni hili dogo, la utoto, ambalo lingetoka lenyewe mwakani." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Nilimgonga yote mawili. Linapogongwa lenye usaha mtu mzima anaruka. Huyu hakuruka. Kwa nini hakuniambia?"

Waitara alimtazama Nyangi, na kwa mara ya kwanza tangu jambo lile lianze aliona kile alichokuwa akikitazama: midomo iliyopasuka kwa homa, shingo ngumu kama mti, vidole vya miguu vilivyojikunja hadi vikawa vyeupe. Mtoto alikuwa ameyaficha maumivu yake yote miguuni ambako hakuna aliyetazama. Aibu ilimshika baba yule, aibu ya aina nyingine kabisa, na hakuwa na pa kuiweka.

"Litoe na hilo," alisema.

"Lazima litoke. Lakini penye usaha ganzi haishiki vizuri. Nitachoma, kisha nitagusa, na lazima aniambie kama bado anasikia, ili nimwongeze. Nikimng'oa akiwa anasikia, kwa homa hii aliyonayo, anaweza kunizimikia hapa. Mwambie aseme, mzee. Mimi hanisikii."

Akachoma. Akasubiri. Akagusa ufizi kwa ncha ya chombo chake.

"Unasikia?"

Mtoto akatazama msumari.

Waitara akapiga magoti mbele ya kiti. "Nyangi. Mama yangu. Ukisikia inauma, sema."

Kimya.

"Sema tu. Lia ukitaka. Mimi nimekwambia ulie."

Nyangi akashusha macho kutoka ukutani. Alimchunguza baba yake kama mtu anayetafuta mtego. Midomo ilikuwa mizito kwa ganzi, lakini maneno yalitoka.

"Bibi atasema niko kama Robi."

Dirishani utani ulikuwa umekwisha. Walikuwa wamebaki watu wanaotazama tu, na Waitara aliwajua wote, baba zao na koo zao. Alimfikiria Robi akiweka maji chini na kuondoka kinyumenyume. Alimfikiria Mwongozo, ambaye asingevuta hata hatua moja kama Azimio asingekuwa ubavuni.

Akainuka. "Bwana mganga, mtoe kitini."

"Mzee?"

"Mtoe kidogo. Nina gego bovu la siku nyingi. Niketi mimi hapo."

Kassian akataka kuuliza, akaona uso wake, akaacha. Nyangi akasimama pembeni, pamba mdomoni. Waitara akaketi, kiti kikalia chini yake, akafumbua mdomo. Kassian akaingiza chombo, akapata tundu la zamani lenye kina, akagusa.

Maumivu yalipanda hadi kwenye jicho. Waitara hakutoa sauti. Si kwamba hakutaka. Sauti haikujua njia. Ujana wake wote ulikuwa umejengwa juu ya siku moja aliyosimama akitazama mbingu wakati kisu kinapita, na kwa siku hiyo alipewa mtamba na jina. Mwili wake ulikuwa umefundishwa vizuri mno.

"Bonyeza tena," alisema.

Kassian akabonyeza.

"Tena. Zaidi."

Ndipo alipolia. Haikuwa sauti nzuri. Ilianza kama kukohoa, ikafunguka, ikawa kubwa, na ilipokwisha kufunguka hakuweza kuifunga tena, machozi yakamtoka, mtu mzima na mvi zake, akalia kwa jino, na kwa lile zima lililokuwa bakulini, na kwa msichana aliyekuwa nyumbani akisaga. Nje mtu alisema, "Eeh." Nyamhanga alikuwa ameshika kopo lake bila kutema. Akageuza uso kwanza, kisha akaondoka dirishani.

Waitara akainuka, akijifuta kwa kofia. Hakumwambia mtoto neno. Alimwonyesha kiti tu, akapiga magoti ubavuni pake, bega kwa bega, wote wawili wakielekea upande mmoja.

Kassian akagusa ufizi.

"Hapo," Nyangi alisema. Kisha uso wote ukakunjika. "Hapo inauma. Inauma, tata! Inauma!"

"Vizuri, mwanangu," Kassian alisema, akavuta dawa nyingine. "Vizuri sana. Endelea kuniambia."

Nyangi alilia mwanzo hadi mwisho. Alilia hata ganzi iliposhika na jino dogo lilipotoka pamoja na uozo wake, alilia kwa kulia tu, na Waitara alimshika mkono akamwacha alie.

Walirudi jioni jua likiwa limelegea. Shavu lilikuwa limeanza kupungua kidogo, au labda baba alitaka kuona hivyo. Nyangi alitembea mbele safari hii, amefumbata meno yote mawili ndani ya karatasi ya dawa. Njiani walipishana na vijana watatu waliotoka mnadani. Walimwamkia Waitara kwa adabu, na walipofika mbali kidogo wakacheka. Habari ilikuwa imetangulia. Pengine wimbo ulikuwa umeshaanza kutafutiwa maneno. Waitara hakuwa amegeuka mtu mwingine kwa siku moja, na kesho angeingia shambani na watu haohao.

Esta aliwaona kwa mbali akaja mbio, akamnyanyua mtoto, akampapasa shingo. Waisiko hakutoka kitini. Alikuwa mlangoni kwake na ungo miguuni, na kutoka jikoni jiwe la kusagia lilianza mara tu sauti zao ziliposikika uani.

"Ametoka salama?" bibi aliuliza.

"Salama, mama. Lile bovu limetoka. Na zima moja limetoka, kwa makosa yangu."

Waisiko alisubiri. Hilo silo alilotaka kujua, na nyumba nzima ilijua. Nyangi, aliyekuwa mikononi mwa mama yake, aliinua kichwa akamtazama baba. Jiwe la kusagia liliendelea, kwenda na kurudi.

"Alilia?"

"Alilia," Waitara alisema.

Waisiko akavuta pumzi, akageuza uso kuelekea milimani. "Na msimu hauko mbali."

"Hauko mbali. Na mimi nililia, mama. Mbele za watu wote. Mimi ndiye nilianza."

Esta akaacha kumpapasa mtoto. Waitara akasogea kwenye kivuli cha jiko, akasimama pale mlangoni ambapo moshi ulikuwa ukitoka, koo limemkauka kwa vumbi na kwa kulia.

"Robi," aliita. "Nipe maji, mwanangu."

Ndani, jiwe likanyamaza.